Steringi Asiyeijua Karasha

Kama unataka kujua kama filamu imetengenezwa na watu wanaokijua wanachokisema, ipeleke Katoro, mji wa wachimbaji dhahabu mkoani Geita. Usihangaike na mhakiki wa gazetini, mimi nikiwemo. Ipeleke kwenye banda la video jioni isiyo na mpira, saa vijana wanapotoka mwaloni wanakoosha dhahabu na kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, nyusi bado zina vumbi jeupe la mawe, kila mmoja na soda au kikaratasi cha karanga mkononi. Watu hawa husamehe karibu kila kitu. Steringi akiruka kutoka ghorofa ya kumi asivunjike hata ukucha, hiyo ndiyo kazi ya steringi. Akipigwa risasi saba na bado akapata wasaa wa kumbembeleza binti, hakuna neno. Lakini akiokota tofali la dhahabu kwa vidole viwili kama kipande cha sabuni, banda zima linaguna. Tofali la kawaida la benki lina zaidi ya kilo 12, na hapo kuna watu waliobeba viroba vya mawe mgongoni tangu alfajiri kwa ajili ya gramu mbili tatu. Uzito wanaujua.

Shinyanga mjini, Kahama na Geita hatuna jumba la sinema la aina ya lile la Mlimani City, Dar es Salaam, lenye viti vya kuzama, bisi na kiyoyozi kinachokufanya ujute kuacha koti nyumbani. Kutoka hapa kwenda huko ni karibu kilomita 1,000, na hakuna anayepanda basi usiku kucha kwa sababu ya Superman. Filamu inayoanza kuonyeshwa huko Ijumaa hii, huku hutufikia baada ya wiki kadhaa kwa njia ya uchochoroni: mtu kaidaka mtandaoni, mtafsiri kaikalia na maikrofoni usiku mmoja, ikaingia kwenye flashi, ikapanda basi. Ikifika stendi ya Kahama tayari ina wazazi wengi. Kisheria huo ni wizi wa jasho la mtu, na kuonyesha filamu hadharani kunadhibitiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, ile iliyounda Bodi ya Filamu. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kuwa ninapotoa maoni kuhusu filamu mpya, natoa maoni kuhusu kile kilichotufikia, na mara nyingi kilichotufikia kimepungua dakika kadhaa na kimeongezewa vichekesho.

Kuhusu hao watafsiri nina maneno mengi kuliko nafasi niliyopewa. Watu wa rika langu tulilelewa na sauti ya Lufufu, jina la kazi la Kapteni Derek Mukandala, ambaye katika kanda moja alikuwa steringi, adui, mama mzazi na polisi, kisha akakuelezea na desturi za Wahindi ambazo wenyewe pengine hawakuwa nazo. Kenya wana DJ Afro. Uganda ufundi huo umekuwa sehemu ya filamu yenyewe: ile Who Killed Captain Alex? ya 2010, iliyotengenezwa kwa senti za mfukoni katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, haikamiliki bila VJ Emmie kupiga kelele juu ya picha. Watu wa mjini hupenda kusema kwamba mtafsiri anaharibu filamu. Inategemea filamu. Ipo iliyokuja hapa ikiwa imekwisha haribika, na mtafsiri akaiokoa.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe, na nitaanza na filamu ambayo si mpya sana lakini huku haijazeeka: K.G.F. Sehemu ya kwanza ilitoka Desemba 2018, ya pili Aprili 2022, zote za mwongozaji Prashanth Neel, na mpaka leo ukipita mabanda ya Geita, Masumbwe na Kahama huwezi kukosa mahali inaporudiwa. Sababu iko wazi. Herufi hizo ni kifupi cha Kolar Gold Fields, machimbo ya kweli kusini mwa India, yaliyochimbwa kwa zaidi ya karne moja mpaka kina cha kilomita tatu na ushei, yakafungwa mwaka 2001. Kijana Rocky anazaliwa siku ileile dhahabu inapoonekana, mama yake anamwapisha kwamba asife maskini, naye anakwenda kujifanya mtumwa ndani ya mgodi ili akamuue mrithi wa mgodi huo. Ukiwasimulia hadithi hiyo watu wa machimbo ya Mgusu au Nyarugusu, huhitaji kuwaeleza mtu anatafuta nini ndani ya shimo.

Nimeitazama K.G.F. zaidi ya mara moja katikati ya wachimbaji na ninachokikumbuka ni jinsi wanavyopokezana kuikosoa. Vumbi lilipita mtihani. Waliotengeneza filamu ile walikwenda kupiga picha kwenye vilima halisi vya mabaki ya sayanaidi huko Kolar, na macho ya hapa yaliyatambua mara moja: yale ni marudio, mchanga uliokwisha kukamuliwa, rangi ileile iliyokufa unayoiona nyuma ya mitambo yetu ya kuchenjulia. Wasimamizi wenye silaha nao walipita. Kilichoshindwa ni kazi. Maelfu ya watumwa wanagonga mwamba kwa nyundo mwaka baada ya mwaka, sawa, lakini mawe yale yanakwenda wapi? Hakuna karasha. Hakuna mwalo, hakuna anayeosha, hakuna zebaki, hakuna bibi aliyekaa pembeni akiokota vijiwe vilivyodondoka. Mara tu tunaonyeshwa matofali yamepangwa ghalani. Mzee mmoja mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, mtu mpole ambaye siku zote hukaa benchi la nyuma, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama huko India dhahabu huchimbwa ikiwa imekwisha kuyeyushwa.

Na ule mwisho wa sehemu ya pili! Rocky anaingia baharini na shehena yote ya dhahabu, jeshi la majini linapiga meli, dhahabu inazama pamoja naye. Najua mwongozaji alitaka tulie. Huko India huenda watu walilia. Kahama nilisikia hasira. Mtu anaweza kufa, hilo wamelizoea kuliko wengi wetu. Ila dhahabu yote ile kurudishwa chini, tena chini ya maji, baada ya kazi yote ile ya watu, waliona ni upuuzi usiosameheka. Ubishi uliendelea mpaka nje penye pikipiki, kuhusu kina cha bahari na kama pampu zinaweza kufanya kitu.

Pushpa 2, iliyotoka Desemba 2024, imepata bahati zaidi, na kwa haki. Pushpa alianza kama kibarua wa kukata magogo ya msandali mwekundu, akapanda mpaka akawa ndiye anayegawa mgawo. Ngazi hiyo huku kila mtu anaijua kwa majina: unaanza kubeba, unachimba, unapata mfadhili, unakuwa na duara lako, na ukibarikiwa unakuwa na leseni. Kinachonifurahisha ni kwamba filamu nzima, kwa saa tatu na zaidi, inasukumwa na jambo dogo: mke wa Pushpa anataka mumewe apige picha na waziri mkuu wa jimbo, waziri anakataa kupiga picha na mlanguzi, basi Pushpa anaamua kumbadilisha waziri. Nimeona wasomi wakiicheka sababu hiyo. Mimi naona ni sababu ya kweli kuliko zote. Mtu aliyepata fedha kwa njia ambazo hazisemwi kanisani hutafuta jambo hilohilo, picha ukutani akiwa amesimama na mkubwa.

Halafu kuna ile ngoma. Allu Arjun, anayeigiza Pushpa, anajipaka rangi ya bluu, anavaa sari, vito na maua, anacheza mbele ya mungu wa kike mpaka anapagawa, kisha anapigana akiwa katika vazi hilohilo. Nilijiandaa kusikia watu wakizomea, maana mwanamume mwenye misuli ndani ya sari si kitu ambacho ungetarajia kipite salama mbele ya vijana mia wa machimboni. Hakuna aliyezomea. Hapa ni Usukumani. Watu wamekua wakiona Wagika na Wagalu wakishindana baada ya mavuno, wacheza ngoma wakiwa na manyoya, shanga, chatu shingoni na dawa mwilini, kila upande ukijaribu kuvuta umati wa upande mwingine. Mwanamume anayevaa vya ajabu ili nguvu imshukie hahitaji kutafsiriwa. Mtafsiri naye, kwa mara ya kwanza jioni ile, alinyamaza.

Hilo la kunyamaza ndilo lililokosekana kwenye filamu ninayoiweka juu ya zote za mwaka 2025. Sinners ya Ryan Coogler ilianza kuonyeshwa Marekani katikati ya Aprili mwaka huo. Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili, Smoke na Stack, wanaorudi kwao Mississippi mwaka 1932 na fedha za Chicago ambazo hawaelezi walivyozipata, wananunua kinu cha mbao, wanakigeuza ukumbi wa muziki kwa usiku mmoja. Usiku huo wanakuja wanyonya damu. Huku iliuzwa kama muvi ya mazombi, ndivyo ilivyoandikwa kwa chaki kwenye ubao wa nje, na waliokuja kwa ajili ya mazombi walilalamika kwamba saa nzima imepita hajaumwa mtu.

Mimi saa hiyo ya kwanza ndiyo niliyoipenda. Mashamba ya pamba, watu wameinama na magunia marefu yakiburuzwa nyuma yao, jua. Shinyanga ilikuwa nchi ya pamba kabla magazeti hayajaanza kuiita nchi ya madini, na bado wapo wazee wanaoweza kukuambia kwa kuitazama tu kama pamba ile imevunwa vizuri. Na kuna kipengele ambacho nadhani Dar es Salaam kiliwapita. Ukumbi umejaa, watu wanakunywa, mapacha wanahesabu mapato, na wanakuta sehemu kubwa si fedha. Ni vibao na hati za mashambani, zile ambazo mwenye shamba huwalipa vibarua wake na ambazo haziuziki popote isipokuwa dukani kwake. Stack anasema tuzipokee, Smoke anasema biashara hii haitasimama. Ni mazungumzo ya dakika chache, lakini mkulima aliyewahi kukopwa pamba yake, akapewa karatasi na kuambiwa asubiri msimu, anajua wanachogombana. Mchimbaji naye anajua. Huku kijana hulipwa viroba vya mawe, na kiroba kinaweza kuwa na dhahabu au kisiwe na kitu. Mpaka akisage, akioshe, alipie karasha na alipie maji, ndipo atajua kama wiki ile alifanya kazi ya kulipwa au alijitolea.

Kisha inakuja sehemu ambayo kijana Sammie anapiga gitaa na kuimba, na ndani ya kinu wanatokea waliokufa na ambao hawajazaliwa: wapiga ngoma wa Afrika Magharibi, mpiga gitaa la umeme, vijana wa hip hop na mashine zao za santuri, wachezaji wa jukwaa la Kichina, wote wakicheza katikati ya watu wa 1932 mpaka paa linashika moto. Katika nakala niliyoitazama, mtafsiri aliamua hapo ndipo mahali pa kusalimia wateja wake wa Ushirombo. Aliongea mwanzo mpaka mwisho. Nimeitafuta filamu hiyo tena bila tafsiri, nikaitazama kwa simu na spika za masikioni, na nasimama na neno langu: sijaona kitu kizuri kuliko hicho kwenye kioo kwa miaka kadhaa, hata kama kioo chenyewe kilikuwa cha inchi sita.

Mkataba wa Coogler nao umezungumzwa sana kuliko kawaida ya mikataba. Alikubaliana na kampuni ya Warner Bros. kwamba baada ya miaka 25 haki za filamu zitarudi kwake. Wakubwa wa Hollywood walishtuka. Nilipowaeleza jamaa zangu wa Kahama hawakushtuka hata kidogo, walitaka tu kujua kwa nini alikubali miaka yote hiyo.

Nyingine nitazipitia haraka. Superman ya James Gunn, iliyotoka Julai 2025, ni nzuri kwa familia na mbwa wake ndiye mwigizaji bora. Zaidi ya hapo sina la kusema, na sidhani kama waliotoka nayo wanakumbuka adui alitaka nini. Gladiator II ina faru, nyani na papa, na Denzel Washington anayeonekana kufurahia mshahara wake kuliko wengine wote. Mission: Impossible ya mwisho, ya Mei 2025, ina saa nzima ya watu kuelezana mambo, na hapo banda hugeuka kuwa mahali pa kujibu ujumbe wa simu. Lakini Tom Cruise, akiwa na miaka 62, anapoingia peke yake ndani ya manowari iliyozama, ikaanza kubingirika, makombora yakimfungia njia na hewa ikipungua, simu zote zilirudi mfukoni. Waliokuwa kando yangu hushuka kila siku kwa kamba kwenye shimo lenye upana wa mabega. Mmoja alikuwa amefumba macho.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika.

Kuna filamu ya The 33, ya mwongozaji Patricia Riggen, Antonio Banderas akiwa mbele. Inahusu mgodi wa San José nchini Chile, uliotitia tarehe 5 Agosti 2010 na kuwafungia wanaume 33 chini kwa siku 69, karibu mita 700 kutoka juu. Mwanzoni walikula samaki kidogo wa kopo kila baada ya siku mbili. Dunia nzima ilitazama wakitolewa mmoja mmoja kwa kidonge cha chuma mwezi Oktoba. Filamu yenyewe ni ya wastani. Wachile wanazungumza Kiingereza chenye lafudhi, muziki unakuambia lini usikitike, na kuna ndoto ya karamu ambayo wachimbaji wenye njaa wanajiona wakiandaliwa vyakula na wake zao. Mhakiki anaweza kuicheka ndoto ile. Machimboni haichekwi, ni sehemu pekee ya filamu hiyo ambayo nimeona watu wakiomba irudishwe nyuma.

The 33 ilianza kuonyeshwa kwenye majumba ya Marekani tarehe 13 Novemba 2015. Sasa tazama kalenda. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo, machimbo madogo ya Nyangalata, wilaya ya Kahama, yalititia na kufukia wachimbaji. Utafutaji ukafika mahali ukakoma, ndugu wakaanza kuzungumza habari za matanga. Tarehe 15 Novemba, siku mbili baada ya Banderas kutokea kwenye mabango ya Marekani, wanaume watano walitolewa Nyangalata wakiwa hai. Siku 41. Mwenzao alikuwa amefia humo. Walikuwa wameishi kwa mende, vyura, mizizi na maji yaliyokuwa yakichuruzika, na waligunduliwa kwa sababu wachimbaji wenzao walisikia sauti. Hapakuwa na kidonge cha chuma, hapakuwa na wahandisi wa anga za juu wa Marekani waliokwenda Chile kutoa ushauri, hapakuwa na kambi ya waandishi wa habari yenye setilaiti. Habari ilitembea dunia kwa siku chache kisha ikaisha. Wiki hizo nchi ilikuwa imetoka kwenye uchaguzi mkuu, rais mpya alikuwa ndiyo kwanza ameapishwa, na macho ya wengi yalikuwa Dar es Salaam.

Sijaiona filamu ya Nyangalata. Nimeulizia kwa wauza flashi wa Kahama na Shinyanga, kwa wenye mabanda, kwa vijana wanaojiita maprodyuza. Kila mmoja anaijua hadithi na ana toleo lake, lakini hakuna mwenye filamu. Tumeangalia dhahabu ya Kolar, tumeangalia almasi ya Sierra Leone kwenye Blood Diamond ya 2006, wakati almasi ya waridi iliyopambwa kwenye bruchi ya Malkia Elizabeth ilitoka Mwadui, hapa, mwaka 1947. Tumeangalia hata Gold ya 2016, Matthew McConaughey akiwa na kitambi na upara, filamu iliyotokana na ulaghai wa kampuni ya Bre-X ya Kanada iliyodai kuwa na dhahabu Indonesia ambako hapakuwa na kitu. Ukiijua historia ya mgodi wetu wa Bulyanhulu, filamu hiyo inakuchekesha kwa namna yake: Barrick, miongoni mwa makampuni yaliyoinyemelea dhahabu hiyo hewa, mwaka 1999 ilinunua kampuni iliyoshikilia Bulyanhulu, ambako dhahabu ilikuwepo kwelikweli na ambako wachimbaji wadogo walikuwa wameondolewa Agosti 1996. Sehemu ya kwanza ya hadithi ina McConaughey. Ya pili haina hata mwigizaji wa kujitolea.

Na usiniambie ukanda huu hauna waigizaji. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akasoma shule ya msingi Bugoyi, akaenda sekondari Mwadui, kwenye mgodi huohuo wa almasi, kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Mtu huyo alikwenda mpaka Nigeria kutengeneza filamu, Dar 2 Lagos mwaka 2006, baadaye akamwita Ramsey Nouah kwenye Devil Kingdom. Alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28, watu waliokwenda kumuaga walijaa viwanja vya Leaders Club, Dar es Salaam, mpaka wengine wakazimia. Zile DVD zake zilizosambazwa na kampuni ya Steps bado zipo kwenye kabati za watu wa Ndala na Ngokolo, zimekwaruzika, mashine za kuzichezea zimekufa siku nyingi. Nimezirudia kadhaa mwaka huu. Nyingi zinaburuza, nyumba ni zilezile za kifahari za kukodi, na mlango wa gari hufunguliwa kwa dakika nzima. Lakini Kanumba mwenyewe anatazamika hata akiwa hasemi, na siwezi kuacha kushangaa kwamba kijana aliyekulia kwenye vumbi la Mwadui aliigiza matajiri wa Mbezi na Masaki karibu maisha yake yote ya kazi. Soko la wakati ule lilitaka sebule.

Filamu zetu za sasa zimeondoka sebuleni, hilo lazima lisemwe. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021 na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar. Ni filamu ya mkono uliotulia, Zanzibar ya miaka ya hamsini imepigwa picha kama mtu aliyeipenda kabla ya kuiona. Nina ugomvi nayo mmoja: inajua mno kwamba ni nzuri. Binti ya Seko Shamte, nayo ya mwaka 2021, ilipanda Netflix, na hadithi zake za wanawake wanne zimenikaa kichwani zaidi. Hakuna kati ya hizo niliyoikuta kwenye ubao wa chaki huku. Zimetengenezwa kwa Kiswahili, hazihitaji mtafsiri, na pengine ndiyo sababu: mnyororo wetu umejengwa juu ya mtafsiri, na filamu isiyomhitaji haina wa kuibeba. White Shadow ya 2013, iliyopata tuzo Venice ikizungumzia kijana mwenye ualbino anayewindwa, iligusa jeraha la mikoa hii hasa, na hiyo ndiyo sijawahi kumsikia mtu wa huku akiitaja.

Jumamosi moja tulikaa nje ya karasha pale Katoro, mimi na wenye maduara watatu na kijana mmoja mwenye kamera ya harusi, tukaitengeneza filamu ya Nyangalata kwa mdomo. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Shimo la kuigizia lingechimbwa juu ya ardhi, ubavu mmoja ukiachwa wazi kwa ajili ya kamera. Matimba ya kushikilia kuta yapo. Waigizaji wa kubeba viroba wapo, wala hawatahitaji mazoezi. Kijana wa kamera alitaka drone, akanyimwa kwa kura. Waliafikiana kwamba giza liwe giza kweli, watazamaji wasikie tu mtu akihesabu siku kwa kukisia, na kwamba mende waonyeshwe wakiliwa bila muziki. Fedha ingepatikana kama inavyopatikana ya kufungulia duara: mfadhili anatoa chakula, mafuta ya jenereta na posho kidogo, hakuna mshahara, siku duara likitema dhahabu watu wanagawana kwa mafungu.

Ugomvi ulianza kwenye mafungu. Mwenye kamera alijiona ndiye mwenye duara. Mfadhili, ambaye hata hajapatikana, alikwisha kutengewa nusu. Kuna aliyesema Halmashauri nayo itataka chake, na hapo ndipo watu walicheka kwa mara ya mwisho. Nikawaambia kwamba wale 33 wa Chile, wakiwa bado chini ya ardhi, walipatana kwamba hadithi yao itakuwa mali yao wote kwa pamoja, auzaye mmoja auze kwa niaba ya wote, na kwamba hata hivyo baadhi yao walikuja kulalamika kuwa walichopata ni kidogo sana. Yule mzee wa benchi la nyuma, aliyeuliza kuhusu dhahabu iliyokwisha kuyeyushwa, akataka tuanze kugawa upya, tena tuanze na wale watano. Wakabishana kama fungu lao litoke kabla ya kurudisha gharama au baada, mpaka karasha likawashwa tena na ikabidi wapigiane kelele.